Nyangumi wa Ukutani

Gazeti lililobandikwa ukutani kwa uji lina harufu yake. Mwanzoni hunuka kama unga uliochacha, halafu mvua zikikaza linashika ukungu, na ukilala umeelekeza uso ukutani harufu hiyo inakuingia mpaka kooni. Nilikuwa nayo puani asubuhi ile nilipotoka nyumbani kwetu Pito, msimu wa mahindi mabichi, bila kujua ninakwenda wapi. Mama alikuwa ameshatangulia shambani. Nilivaa sweta la shule juu ya gauni la nyumbani, nikatia viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, nikachukua ndoo kama mtu anayekwenda kisimani. Kisimani niliitua ndoo, nikaifunika vizuri ili isiokotwe, nikaendelea na njia. Umande wa Ufipa asubuhi ni baridi kama chuma, na nilikuwa peku, lakini nakumbuka kwamba miguu haikuniuma. Siku hizi inaniuma hata nikiwa nimekaa.

Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, ila ndani haikupigwa lipu, na upepo wa kule juu hauhitaji mlango. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya miezi ya baridi, mama alipika uji mzito usio na chumvi na kubandika magazeti ukutani. Aliyapata mjini, Kizwite, kwa mwanamke aliyekuwa akiyafungia karanga, na kwa kuwa mwanamke huyo hakuchagua, na mama hakuchagua, kuta zetu zilikuwa na kila kitu: nusu ya mechi ya mpira, tangazo la matrekta, mwanamke anayecheka akiwa na sabuni, hotuba isiyo na kichwa. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimelala. Shuleni nilikuwa wa kawaida tu. Nyumbani nilikuwa nimesoma ukuta mzima, hata zile kurasa alizobandika kichwa chini.

Usawa wa macho yangu, pale nilipolalia, palikuwa na ukurasa wa wanafunzi kutoka gazeti fulani la zamani. Juu yake paliandikwa kwa herufi nene: Nyangumi Alipokuwa na Miguu. Chini yake picha tatu za kuchora. Ya kwanza ilikuwa ya mnyama mwenye mwili wa mbwa mkubwa, pua ndefu kama ya mamba na mkia mnene, amesimama ukingoni, miguu ya mbele majini na ya nyuma kwenye mchanga. Katika ya pili miguu imekuwa mifupi na vidole vimetandazwa kama vya bata. Ya tatu ilikuwa ya nyangumi mwenyewe, ambaye nilikuwa sijapata kumwona hata kwa mchoro, na ndani ya mwili wake walikuwa wamechora mifupa. Maelezo yalisema kwamba wazee wa nyangumi walikuwa wanyama wa nchi kavu, wanaotembea na kunyonyesha, na kwamba hadi leo ndani ya nyangumi kuna vipande viwili vya mifupa ya nyonga ambavyo havikushikana na kitu, vinaelea tu ndani ya nyama. Ndani ya mapezi yake ya mbele kuna mifupa ya vidole, kama ya mkono wa mtu aliyevaa soksi. Hapo nilikunja mkono wangu na kuutazama. Niliamini kwamba ndiyo sababu anaitwa nyangumi: kwa ajili ya ngumi aliyoificha.

Maelezo yaliishia pembeni kabisa mwa ukurasa, katikati ya sentensi. "Sababu iliyomfanya mnyama huyo aiache nchi kavu ni." Basi. Yaliyofuata yalikuwa upande wa pili, na upande wa pili ulikuwa umegandishwa kwenye tofali. Siku moja nilijaribu kuulowanisha kwa kitambaa na kuubandua taratibu. Nilipata pembe ndogo tu, na nyuma yake hapakuwa na herufi, palikuwa na uji mkavu na vumbi jekundu. Mama alinikuta nikiwa bado nimeshika kitambaa.

"Ukimaliza kuubandua huo ukuta utahamia zizini," alisema. "Ng'ombe nao watafurahi kusomewa."

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa amekaa mlangoni akisubiri chakula. Aliuliza nilikuwa natafuta nini. Nilimweleza yote: mnyama, miguu, maji, ile sentensi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Si kama baba yako tu? Kaona jembe, kakimbilia majini."

Mama hakucheka. Alimwekea chakula, akatoka nje.

Inabidi nieleze kuhusu baba. Akiwa mdogo alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nyonga ikavunjika na kuunga vibaya, na tangu hapo alitembea akiinamia upande mmoja. Pito yote ilimwita Chopi. Sijui kama kuna mahali ambapo nyonga mbovu ni nyepesi, lakini kwetu ni nzito sana, kwa sababu kilimo cha Wafipa ni kazi ya nyonga. Mvua zinapokaribia kuisha watu hukata nyasi, huzikusanya na kuzifunika kwa udongo, shamba zima likajaa vilima vya duara tunavyoviita intumba, ambavyo vinaoza ndani polepole mpaka msimu mwingine vitakaposambazwa kwa ajili ya ulezi na mahindi. Mtu hutanua miguu, huinama, na habadilishi mkao mpaka jua linapinda. Majirani hulima pamoja kwa mstari, shamba la huyu leo, la yule kesho, na pombe ya ulezi inawasubiri. Mstari ukisonga, baba alibaki nyuma. Walimwimbia nyimbo. Zilikuwa nzuri, mimi mwenyewe nilizijua na niliziimba kabla sijaelewa zinamhusu nani.

Kwa hiyo kila baada ya mavuno alishuka bondeni kuvua Ziwa Rukwa, na mvua za kwanza zilipoanza alipanda kuja kulima nasi. Mwaka ule hakupanda. Tulipanda mahindi bila yeye, tukapalilia bila yeye, na Kwaresima ikaingia. Tulikuwa na shamba zuri kando ya mto, udongo mweusi, la babu yangu. Kuanzia Jumatano ya Majivu baba mdogo alianza kulitaja kila alipokuja kula. Wazee wa ukoo walikaa na kukubaliana kwamba, kama baba hatakuwa amerudi kufikia Pasaka, shamba lile lilimwe na mdogo wake. Siku alipokuja kutuambia tulikuwa ndani ya shamba lenyewe. Mama alikuwa na tope mpaka magotini.

"Shemeji, ukoo umesema," baba mdogo alisema. "Shamba halina mwenyewe."

Mama alimtazama, akalitazama jembe mkononi mwake, akainama kuendelea. Kesho yake asubuhi ndipo nilipokwenda kisimani na kukipita.

Nilifuata barabara kwa sababu ilikuwepo. Mbele ya Pito lori lilikuwa limesimama, dereva akiwa chini ya injini, limebeba soda na chumvi kwenda Milepa, kule bondeni. Niliposikia neno hilo ndipo nilipojua ninakwenda wapi. Utingo aliniuliza ninafuata nini na nikasema baba. Akaniuliza baba yangu ni nani na nikasema Chopi. Hakumjua, lakini alinivuta kwa mkono mmoja na kuniketisha juu ya chumvi. Tulishuka ukingo wa bonde polepole, breki zikinuka. Masikio yaliziba. Hewa ilibadilika kona kwa kona, ikawa nzito, ikawa na joto, na nilivua sweta nikiwa bado naona mashamba yetu ya baridi juu kule, kijani kibichi, kama kitu cha watu wengine.

Milepa ilikuwa na jua, ng'ombe wengi wenye pembe ndefu na tope lililonata. Niliuliza kila mtu. Hakuna aliyemjua Chopi. Mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wakavu aliniambia hajawahi kuona Mfipa anayechechemea huko ziwani, na kama yupo basi hajapita mbele yake. Nilirudia: mrefu, wa Pito, ana kovu kidevuni. Kijana wa Kisukuma aliyekuwa akifunga matenga kwenye baiskeli aliinua kichwa. Jina lake lilikuwa Shija.

"Kovu kidevuni? Si Kiboko huyo?"

"Siyo kiboko," nilisema. "Ni mtu."

Soko zima lilicheka. Yule mwanamke alijifuta machozi kwa khanga.

"Baba yako ni kiboko, mwanangu," Shija alisema. "Wewe hujui tu. Panda tukamwone."

Nilipanda nikiwa na hofu. Nilikuwa nimesoma ukutani jinsi mnyama anavyoweza kubadilika akikaa majini, na sikuona kwa nini mtu asibadilike. Tulipita kwenye matete marefu kuliko sisi, halafu ziwa likawa mbele yetu, pana, la rangi ya chai ya maziwa. Vibanda vya majani, nyavu zimeanikwa, moshi. Mbali kidogo na ufukwe palikuwa na mtumbwi, wanaume watatu ndani wamekaa kimya wakitazama maji. Wavu ulikuwa umenasa kwenye kisiki huko chini. Mtu wa nne alikuwa amezama kwenda kuunasua, na wenzake walikuwa wakingoja, mmoja ameshika kasia tayari kwa ajili ya mamba. Aliibuka upande mwingine kabisa wa mtumbwi, akacheka, akazama tena, akaibuka na wavu mkononi. Kisha akaogelea kuja ufukweni, mikono yote miwili ikienda sawa, mwili wote ukienda sawa. Nilimtazama vizuri na sikumtambua. Nilimtambua alipofika kwenye maji ya magoti, akasimama, akaanza kuchechemea.

Hakuniuliza nimefikaje. Alinishika kichwa kwa mkono wenye maji, akanipeleka kibandani na kuanza kuparua perege. Shija alisema nimekuja siku nzuri, Ijumaa ya Kwaresima, hakuna atakayetunyima samaki. "Hapa kila siku Kwaresima," mwingine akajibu, "tumeisahau nyama inafananaje." Wote walimwita baba Kiboko. Mzee mmoja, mkubwa kuliko babu yangu, alimwita hivyo kwa heshima kabisa, akimwomba kisu.

"Mama amekutuma?" baba aliniuliza walipoondoka.

"Hapana."

"Hajui?"

"Baba mdogo anataka shamba la mtoni. Wazee wamekupa mpaka Pasaka. Usiporudi wanalichukua."

Aliendelea kuparua. Magamba yaliruka na kumganda mikononi, na jua lilipoyapiga yaling'aa kama ngozi yake.

"Nikirudi," alisema, "kwenye mstari wa kulima wataniweka wapi?"

Nilifikiri. Sikutaka kusema uongo. "Mwishoni."

"Haya."

Tulikula. Kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kusema, nilimsimulia habari za ukutani, kwani yeye hakuwepo ukurasa ule ulipobandikwa. Nilimwambia mnyama alikuwa na miguu minne, akaingia majini, miguu ikaisha, nyonga ikabaki kijipande kinachoelea. Hapo aliacha kutafuna. Aliuliza kama ile nyonga inamuuma. Nilisema gazeti halikusema. Nikamwambia na ile sentensi iliyokatika: sababu iliyomfanya mnyama huyo aiache nchi kavu ni.

"Labda alichoka kuchekwa," alisema.

"Na mama je?"

Alinisogezea kipande cha samaki kilichobaki. Nililala kibandani kwake juu ya nyavu kuukuu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala mahali pasipo na ukuta wa kusoma. Asubuhi alinipandisha lori la samaki pale Milepa, akampa dereva maneno mengi, na mimi akanipa tenga la samaki wakavu kwa ajili ya nyumbani. Alisimama barabarani akipunga mkono, ameinamia upande wake, na watoto wawili wa pale sokoni walikuwa wameanza kumwiga nyuma yake. Hawakumjua. Kule sokoni alikuwa hafiki.

Mama alikuwa amenitafuta usiku kucha, na majirani walikuwa wamempelekea ile ndoo. Nilitegemea fimbo. Alinivua sweta, akanikagua mikono na miguu kama mtu anayekagua kuku, akapokea samaki na kuwatundika. Kisha akauliza swali moja tu.

"Anatembeaje siku hizi?"

"Kule hatembei, mama."

Alikaa chini. Halafu akainuka, akaingia ndani kupika. Pasaka ilipopita baba mdogo alianza kulima kando ya mto, na mama akawa anafanya vibarua kwenye intumba za watu. Hakumsema baba hata siku moja, wala hakumtetea. Samaki walikuja, msimu hadi msimu, wakiwa wamefungwa vizuri, na mara moja moja alikuja baba mwenyewe, akakaa juma moja nje kwenye jua, akashuka tena. Nilimaliza darasa la saba. Sekondari kulikuwa na mahitaji ambayo shamba lile lingeyabeba na vibarua havikuweza, basi nikaenda Kizwite kuosha vyombo kwenye hoteli ya mtu, na kutoka hapo sijakaa mahali.

Nimepika kwenye kambi za barabara, nimeuza chakula minadani, nimefuata mavuno ya watu kutoka mkoa hadi mkoa. Simu imenipa yale yaliyokuwa nyuma ya karatasi, na zaidi. Nimesoma kwamba mifupa ya nyangumi wa kale imekutwa jangwani Misri, miguu midogo ikiwa bado ipo. Kuhusu sababu, wapo wanaosema chakula, wapo wanaosema alikuwa akikimbia maadui, na wengi wanasema hatujui kwa uhakika. Kuna usiku nilisoma kwamba katika wanyama walio hai, ndugu wa karibu kabisa wa nyangumi ni kiboko, yule anayeshinda majini na kutoka jioni kuja kula majani ya nchi kavu. Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka tena. Kitu kimoja sijakisoma popote. Picha zote zinamwonyesha aliyeingia majini. Hakuna inayowaonyesha waliobaki ukingoni, wenye miguu yao mizima, wakilima sehemu yake.

Baba alizikwa bondeni, karibu na Milepa. Baba mdogo alishuka kwa ajili ya mazishi, na alipowasikia wavuvi wakimlilia Kiboko aliniinamia na kuninong'oneza: "Wanamlilia nani?" Mama alibaki Pito. Aliniambia nimwagie udongo kwa niaba yake, nikamwagia. Nyumba yetu sasa imepigwa lipu, na ukuta ule uko ndani ya saruji.

Juzi niliamka kwenye chumba cha kupanga huko Njombe, nikafungasha na kutoka, bila mpango, kama kawaida yangu. Nimekuwa nikidhani hiyo ni hamu ya kujua mambo. Safari hii niliiona tu kama kazi ambayo hakuna aliyenituma. Basi moja, basi jingine, na leo alasiri nimeshuka Mtwara, mahali ambapo sijawahi kufika, na nikatafuta gesti iliyo karibu ili nisitembee. Mwenye nyumba ni mama wa makamo aliyejifunga khanga mbili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza natoka wapi.

"Sumbawanga."

"Sumbawanga, halafu umepanda basi? Ungo umeharibika?"

"Umepasuka, mama."

Alicheka vizuri; watu wa kwetu husemwa kwamba ni wachawi, tunasafiri kwa ungo. Akauliza nimefuata nini Mtwara, na kwa kuwa sikuwa na jibu nilisema nimesikia nyangumi hupita huku. Alisema hupita, wavuvi huwaona mbali huko miezi ya baridi, ila nimechelewa, wameshaondoka na watoto wao. "Samaki wakubwa wale," alisema, "hawana kituo." Nilitaka kumwambia si samaki. Nilikuwa nimechoka sana. Nilimwomba beseni la maji ya moto.

"Ya kuoga?"

"Ya miguu tu."

Chumba ni safi. Kuta zimepakwa rangi ya mafuta, nyeupe, na hakuna cha kusoma popote. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaitumbukiza kwenye beseni miguu yangu iliyovimba, yote miwili, yenye nyonga nzima ambazo hazijawahi kuvunjika. Mama mwenye nyumba alipita mlangoni akauliza kama nitakaa siku nyingi. Nilimwambia sijui. Nikabaki hivyo hivyo, nusu nchi kavu na nusu majini, mpaka maji yakapoa.